Utakatifu wa Kila Siku

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Ainabkoi



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema nanyi, baada ya taarifa ya Katibu na hesabu za Mweka Hazina. Nimeombwa kunena juu ya maisha matakatifu. Huenda wengine wakadhani kwamba jambo hili ni la mapadre na watawa, wala halimhusu mkulima wa mahindi au mama auzaye maziwa. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba Wakristo wote wameitwa kuwa watakatifu, kila mtu katika kazi yake na hali yake. Basi yatupasa kujiuliza: utakatifu wa mtu wa Ainabkoi huonekana wapi?

Ili tusiseme maneno matupu, na tumtazame mtu ambaye wengi wetu tulimfahamu, Askofu Cornelius Korir. Alizaliwa Bomet mwaka 1950, akapewa upadre mwaka 1982, na tangu mwaka 1990 hata alipofariki Oktoba 2017 alikuwa Askofu wa Eldoret. Hakupewa kundi wakati wa raha. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa Burnt Forest na kwingineko katika Bonde la Ufa, watu wakayakimbia mashamba yao. Msiba huo ukarudi kwa ukali zaidi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mapema mwaka 2008 watu wapatao 10,000 walikimbilia Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret. Wengi wao walikuwa Wakikuyu, na Askofu alikuwa Mkalenjin. Aliwapokea. Watu wengi namna hiyo huhitaji maji, chakula, vyoo, na mahali pa kulaza watoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa ibada ya siku zile.

Lakini kumpokea mkimbizi ni kazi ya siku chache; kumpatanisha na jirani yake ni kazi ya miaka. Njia aliyoifuata aliieleza katika kitabu chake, Amani Mashinani, cha mwaka 2009. Hakuanza kwa kuwakusanya wagomvi uwanjani wapeane mikono mbele ya wakubwa. Kwanza watu walisikilizwa wachache wachache, kila upande peke yake, wapate kuutoa uchungu wao bila hofu. Baadaye ndipo pande mbili zilipokutanishwa, zikaambiana yaliyo moyoni, zikala chakula pamoja. Kisha ikatafutwa kazi ya kuwaunganisha, kama barabara au shule, itakayowafaa wote. Maana watu wakipita njia moja, anayeiharibu amejiharibia mwenyewe.

Wazee wangu, katika hayo yote sioni muujiza. Naona saburi: kumsikiliza mwenye hasira mpaka amalize, kumrudia aliyekataa jana, kuketi mezani na mtu usiyempenda. Mambo hayo hayahitaji kofia ya askofu.

Basi na tuanze kwetu. Ng'ombe wa jirani akiingia katika mahindi yako, mwendee jirani kabla ya kumwendea chifu. Wala usitaje kabila lake, kwa kuwa ng'ombe hana kabila. Kibarua wako mlipe siku ile uliyoahidi. Mchunge ulimi jikoni usiku, kwa sababu jina la dharau analolisikia mtoto huko ndilo atakalokwenda nalo shuleni. Na penye msiba, mkono wa Chama ufike kwa kila mwanachama kwa kipimo kilekile, tusiulize kwanza marehemu alitoka wapi.

Najua kusamehe ni kuzito kwa aliyezika mtu wake au kuliacha shamba lake. Sisemi haki iachwe, wala aliyeumizwa anyamaze. Nasema kwamba wapo miongoni mwetu ambao tangu mwaka 2008 hawajaukanyaga ua wa jirani, ingawa mipaka yao inagusana. Kila baada ya miaka 5 uchaguzi hurudi, na watakuja watu kutuambia nani ni wetu na nani si wetu. Siku hiyo itakuwa kuchelewa kuanza kujuana. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kabla ya mkutano wa mwaka ujao, kila mwanachama aende katika nyumba moja ambayo ameiepuka, akaribishwe chai, au yeye mwenyewe amkaribishe mwenye nyumba hiyo. Asiende na hotuba. Aende na salamu.

Askofu Korir alizikwa katika Kanisa Kuu lilelile lililowapokea wakimbizi. Heshima tutakayompa ni kuilinda amani katika boma zetu.