Mmea Huachia Breki

Msikilizaji, seli ya mnyama huwasha protini G, swichi inayopeleka taarifa ndani ya seli, pale kipokezi kwenye utando wake kinaponasa homoni. Mimea mingi imeshika njia nyingine. Katika Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabarani, protini G hujiwasha yenyewe bila kungoja amri. Kazi iliyopo ni kuizuia, na breki yake ni protini iitwayo RGS1.

Glukosi inapoongezeka, kimeng'enya WNK8 hubandika fosfeti kwenye mkia wa RGS1. Hapo breki huondolewa kwenye utando na kuvutwa ndani ya seli, na protini G hubaki huru kupeleka taarifa. Utaratibu huo ulielezwa mwaka 2012. Dalili za bakteria nazo huamsha vimeng'enya vinavyoibandika fosfeti breki hiyohiyo.

Kwa hiyo, anayeusoma mmea kwa kitabu cha mwili wa binadamu atapotea. Wala jambo hili si la maabara pekee: katika mpunga, jeni za GS3 na DEP1, zinazoathiri ukubwa wa punje na umbo la suke, hutengeneza sehemu za protini G. Mtafiti wa mbegu anayetaka mavuno zaidi ana kila sababu ya kuichunguza swichi hii.