Pasipoti Iliyokwisha na Haki ya Kufanya Kazi

Sogeeni karibu na redio. Kila mtu awe na daftari na kalamu yake. Leo tutajifunza kusoma tarehe zilizo ndani ya pasipoti.

Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, mimi sina pasipoti, wala siendi popote." Ni kweli. Lakini wako wengi hapa Kilimanjaro wenye mtoto, kaka au shangazi aliye ng'ambo. Siku moja atakupigia simu, akuambie, "Mwajiri wangu anasema hati zangu zimekwisha. Nifanye nini?" Siku hiyo somo hili litakufaa.

Tuanze nyumbani. Mpaka wa kihamba chako umepandwa masale. Ukiamka asubuhi ukakuta sale moja limekauka, je, kihamba si chako tena? La, ni chako, kama kilivyokuwa cha baba yako. Lakini hukai kitako. Unapanda sale jingine mapema, wakati wazee wanaoujua mpaka wangali hai. Haki ni kitu kimoja, na alama ya kuionyesha haki ni kitu kingine. Andikeni maneno hayo katika madaftari yenu.

Sasa tuseme dada yako alikwenda Uingereza zamani. Huko alipewa ruhusa ya kukaa na kufanya kazi bila kikomo. Ruhusa hiyo iligongwa muhuri katika pasipoti yake ya Tanzania, au ilibandikwa humo. Pasipoti yetu hudumu miaka 10. Ya dada yako imekwisha. Je, na ruhusa imekwisha?

Haikwisha. Pasipoti ni hati ya Tanzania. Inasema yeye ni nani, na ni raia wa nchi gani. Ruhusa ni neno la serikali ya Uingereza. Pasipoti ikifika mwisho wake, haiondoki na ruhusa ile.

Basi katika pasipoti hiyo tafuteni tarehe mbili. Ya kwanza ni tarehe ya mwisho ya pasipoti. Ya pili ni tarehe ya mwisho ya ruhusa, kama ipo. Wengine hupewa ruhusa ya muda tu, na muda huo ukiisha bila kuombewa nyongeza, haki nayo imekwisha. Kisha muulizeni jambo la tatu: ametoka Uingereza lini, na amerudi lini? Mwenye ruhusa ya bila kikomo akikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miaka 2 mfululizo, kwa kawaida ruhusa yake hupotea.

Mtauliza, "Kama haki ipo, mbona mwajiri anakataa?" Mwajiri naye anaogopa. Tangu Februari 2024, anayemwajiri mtu asiye na haki ya kazi huko aweza kutozwa hadi paundi 45,000 kwa kila mtu mmoja, hata kama ni kosa lake la kwanza. Kwa hiyo hutaka ushahidi uliotajwa katika kanuni. Na kanuni zasema kwamba pasipoti ya mgeni yenye muhuri wa ruhusa lazima iwe haijaisha. Iliyokwisha haimtoshi. Sale limekauka, na jirani hauoni mpaka.

Dada yako afanye nini? Sikilizeni polepole.

Kwanza, aombe pasipoti mpya katika ubalozi wetu wa London.

Pili, asiitupe pasipoti ya zamani, wala asichane hata ukurasa mmoja. Muhuri hauhami wenyewe kwenda katika pasipoti mpya.

Tatu, aiombe Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iandike ruhusa yake katika kumbukumbu zake za kompyuta. Siku hizi nchi ile inaacha mihuri na kadi. Mwenye ruhusa hupata namba maalumu, humpa mwajiri, na mwajiri huangalia mwenyewe katika kompyuta.

Nne, wakati ombi linangoja, mwajiri aweza kuiuliza Wizara hiyo moja kwa moja. Akijibiwa kwamba haki ipo, jibu hilo humkinga kwa miezi 6. Basi dada yako asikubali upesi kuachishwa kazi. Amwambie mwajiri kwa adabu, "Tafadhali, uliza kwanza."

Msidhani haya ni mambo madogo. Mwaka 1948 meli iitwayo Empire Windrush iliwafikisha Uingereza watu kutoka visiwa vya Karibi. Baadaye walikuja wengi wengine kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Sheria mpya ya uhamiaji ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, waliokwisha kukaa huko waliachiwa haki yao. Lakini wengi hawakupewa hati yoyote. Miaka ikapita, sheria zikakazwa, hati zikadaiwa. Watu waliofanya kazi na kulipa kodi miaka mingi wakaachishwa kazi. Wengine walinyimwa matibabu, na wengine walitolewa nchini. Haki walikuwa nayo. Alama hawakuwa nayo.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliomba radhi, ikafungua mpango wa kuwapa hati bila malipo. Tanganyika iliingia katika Jumuiya ya Madola mwaka 1961, kwa hiyo Mtanzania aliyehamia huko kabla ya 1973 naye aweza kuomba. Hata watu wa nchi nyingine yoyote waliofika kabla ya mwisho wa 1988 wakakaa huko moja kwa moja waweza kuomba. Kama una mzee wako wa namna hiyo, mwambie. Na kama barua zake za zamani ziko katika sanduku la bibi, usiziwashie moto. Huenda zikasaidia kuonyesha alikuwa wapi, na mwaka gani.

Hata hapa kwetu mambo ni hayo hayo. Mgeni anayeajiriwa katika hospitali au shule ya Moshi hatoshi kuwa na pasipoti nzuri. Chini ya sheria ya mwaka 2015, anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Tena anahitaji kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Hizo ni hati tatu, na kila moja ina tarehe yake.

Jihadharini na mtu wa barabarani anayesema, "Nipe fedha, nitakubadilishia tarehe." Tarehe iliyofutwa huiharibu hata haki iliyokuwa ya kweli.

Sasa zoezi. Jibuni pamoja na mwalimu wenu:

1. Haki na alama ya haki zina tofauti gani?
2. Pasipoti ikiisha, kwa nini tusiitupe?
3. Chukueni hati yoyote mliyo nayo nyumbani. Inakwisha lini? Andikeni siku, mwezi na mwaka.