Mbio za Barabara ya Kuazima

Ukishuka tramu namba 81 pale Flagey, mjini Brussels, jengo la kwanza kuliona ni lile la matofali ya manjano lenye mnara. Wenyeji huliita meli, na kweli limekaa kimeli. Joseph Diongre ndiye aliyelichora, na mwaka 1938 lilikuwa makao mapya ya redio ya taifa ya Ubelgiji, kwa hiyo sisi watu wa kipaza sauti hatulipiti bila kuliamkia. Lakini leo nakutuma mbele yake.

Fuata mabwawa yenye bata bukini, panda kupitia bustani za abasia ya La Cambre, utatokea mwisho wa Avenue Louise. Hapo kuna nyumba mbili ndogo za mawe. Zamani zilikuwa za kutozea ushuru kule Porte de Namur, pale ambapo leo ndugu zetu Wakongo wamejenga mtaa wao wa Matonge, na sombe hununuliwa kama uko Bukavu. Zilihamishwa zikawa mlango wa msitu, Bois de la Cambre. Édouard Keilig aliuchora msitu huu miaka ya 1860, na barabara zake hazina haraka: zinapanda, zinashuka, zinalizunguka ziwa. Zilikuwa za farasi na matembezi ya Jumapili.

Mwaka 1946 zikageuzwa uwanja wa mashindano. Milima ya Ardennes, nyumbani kwa uwanja wa Spa-Francorchamps, ilikuwa bado inauguza majeraha ya vita, hivyo mbio kuu za magari za Ubelgiji zikaletwa humu, katikati ya miti. Eugène Chaboud akashinda na gari lake la Delage. Mwaka uliofuata mashindano yakarudi Spa.

Septemba ya mwaka huo huo wa 1946, mji wa Scarborough kule Uingereza uliwafungulia wapanda pikipiki kilima cha Oliver's Mount. Ni barabara nyembamba ya bustani, haifiki kilomita 4, ina kona kali za kupinda nyuma, na juu kuna mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani. Brussels iliazima msitu ikaurudisha. Scarborough waliendelea na mbio zao.

Na hapa ndipo maoni yangu yanapoanzia. Barabara chini ya miti si lami moja. Penye jua imekauka, hatua chache mbele, kivulini, unyevu wa asubuhi umebaki pamoja na majani mawili matatu, na tairi lililokuwa likishika vizuri linateleza ghafla. Mpandaji anainama kwenye kona, goti karibu na lami, na ulinzi wake dhidi ya mti ni robota la majani makavu lililofungwa kwenye shina. Gari likigonga, chuma ndicho kinachokunjika kwanza. Pikipiki ikigonga, linalotangulia ni bega la mtu.

Hata hivyo watu huzipenda mbio hizi. Barry Sheene, bingwa wa dunia wa mwaka 1976 na 1977, alishiriki mbio za pikipiki za kisiwa cha Man mara moja akaapa harudi, tena akazisema vibaya hadharani. Oliver's Mount alikuwa akirudi na kurudi! Sijui ungemwuliza nini. Mwaka 2017 pikipiki ziliacha njia pale zikajeruhi watazamaji, mbio zikasimama, kisha mwaka 2019 zikaanza tena.

Mimi nawapendelea watu wa Mettet, mji mdogo wa Wabelgiji mkoani Namur. Kwa miongo mingi pikipiki zilishindana kwenye barabara zao za kawaida, mbele ya milango ya watu. Mwaka 2010 wakafungua uwanja wao uliozungushiwa uzio, wenye kilomita 2 na ushee, wakaupa jina la Jules Tacheny, mpandaji wa hapo hapo. Sasa anayeteleza anakuta changarawe.

Brussels yenyewe, tangu Januari 1, 2021, kikomo cha kawaida ni kilomita 30 kwa saa, na magari kupunguzwa ndani ya Bois de la Cambre kulizua ugomvi uliofika mahakamani. Mimi niko upande wa wenye miguu.

Lakini kwetu tunafanya nusu ya kazi. Kijana wa bodaboda Nairobi au Dar, motari wa Goma, akionyesha ufundi wake usiku kwenye barabara kuu tunaita polisi, na ni haki tuwaite. Asubuhi hatumwambii akakimbie wapi. Viwanja vya vumbi vipo, kama Jamhuri Park mjini Nairobi na Garuga nchini Uganda, lakini hivyo ni vya motokrosi, na pikipiki ya kubebea abiria haikuumbwa kuruka vichuguu. Kilomita 2 za lami nje ya mji, changarawe kwenye kona, gari la wagonjwa mlangoni na kiingilio cha bei ya bodaboda: gavana au mkurugenzi wa halmashauri anayesema hilo haliwezekani, aje na hesabu zake. Kiti hapa studio kiko wazi.