Msafiri Aliyesimama Yeriko



Sisi watu wa Kibingo twaijua safari ndefu. Hadi mwaka 2023 mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, na aendaye Dar es Salaam alijikuta amelala katika mji asioupanga, amekumbatia mzigo wake, akiomba kupambazuke.

Bwana naye alikuwa safarini. Katika Luka, sura ya 19, anapita tu katikati ya Yeriko. Mbele yake ipo Yerusalemu, mwendo wa kilometa zipatazo 25, tena wa kupanda mita kama 1,000. Mwenye haraka hasimami hapo. Yeye akasimama chini ya mkuyu, akajikaribisha mwenyewe (mgeni asiyengoja kualikwa!) kwa Zakayo, mkuu wa watoza ushuru. Watu wakanung'unika: mbona kwa huyu?

Tazameni kilichotokea. Zakayo anatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Mwinjili hataji hata neno moja la karipio.

Huku kwetu, kahawa ingali maua, mwenye shida ya karo au ya dawa huiuza kwa bei ya kutupa. Ndiyo butura. Wanunuzi wake twawajua; wengine hukaa viti vya mbele kanisani. Kristo akipita Kibingo leo jioni, atashukia kwa nani? Na kesho asubuhi, kahawa ya nani itamrudia mwenyewe?