Vielezi vya Kiingereza Vyenye Maana ya Kombo na Mshazari



Katika vielezi vya Kiingereza liko kundi dogo linalowataabisha wanafunzi wetu kupita kiasi cha udogo wake, nalo ni lile la maneno yanayoeleza jambo lisilokwenda moja kwa moja: obliquely, askance, askew, awry, aslant, sideways, diagonally na jamaa zao. Aghalabu mwanafunzi huyakuta yote yamefasiriwa "kwa upande", akayahifadhi hivyo, kisha akalitumia lolote mahali pa lolote. Na sentensi aitungayo, ijapokuwa sarufi haina la kuilaumu, huwa haina maana kwa Mwingereza aisomaye.

Nionavyo mimi, maana ya upande haiwezi kuyapambanua maneno haya, kwa kuwa yote yanaishiriki. Kinachoyapambanua ni kitenzi ambacho kila moja limezoea kuandamana nacho. Askance ni neno la jicho: huandamana na look, wala halikai pamoja na kusema au kutembea. Tena hata katika jicho ule upande umekwisha kufifia, ikabaki shaka na kutoridhia, hata yawezekana kunena "The council looked askance at the proposal" ilhali kila mjumbe ameikabili karatasi uso kwa uso. Obliquely, ingawa wanahesabu nao wana haki yao juu yake, katika maandishi ya kila siku limeelemea ulimi: "He answered obliquely" ni mtu aliyejibu kwa mafumbo, akaligusa jambo bila ya kulitaja. Askew ni la kitu kilichokaa benibeni, kama picha ukutani au tai shingoni. Awry ni la mipango iliyoharibika. Kaa wa ufukweni hutembea sideways. Avukaye uwanja wa mpira kutoka kona moja hadi ile ya mshazari nayo, huyo ndiye aendaye diagonally.

Mipaka hii haikuwako tangu awali. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, Malkia asimuliapo kifo cha Ophelia hutaja mti ulioinamia kijito. Chapa ya 1604 ina tamko ascaunt, ndugu wa askance, na chapa ya 1623 ina aslant. Wapiga chapa wa zama zile waliweza kuliweka hili mahali pa lile. Leo mti hauwezi kuwa askance, kwa sababu mti hauna jicho wala shaka.

Liko na jambo la umbo. Ile a ya mwanzo katika askew, awry na aslant asili yake ni kihusishi on cha Kiingereza cha kale, kama ilivyo katika ashore na asleep; ndiyo maana maneno hayo hayahitaji kiambishi -ly, na si desturi kuyatanguliza mbele ya nomino. Mwanafunzi aandikaye askewly asikaripiwe tu, bali aelezwe sababu.

Wala tusidhani kuwa tunawafundisha jambo geni. Si desturi ya Mswahili kusema kofia imekaa mrama. Mrama ni wa chombo baharini na wa mambo yaliyoharibika, benibeni aghalabu ni ya mavazi na vitu, upogo ni wa macho, na mshazari ni wa mistari. Mtoto wa darasa la kwanza huyachagua haya bila ya kufundishwa na mtu, na uteuzi huo huo ndio tumwombao aufanye katika Kiingereza. Basi mwalimu akiliweka awry karibu na mrama, na askew karibu na benibeni, kila moja ndani ya sentensi yake, kazi imekwisha kuwa nyepesi.

Nawaomba, basi, waungwana, tunapotunga mitihani tuache kumtaka mtahiniwa aandike maana ya askance kwa neno moja. Tumpe kitenzi, tumpe na sentensi nzima, ndipo tumhukumu.