Simu ya Mtu Usiyemjua

Wasikilizaji wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita, aghalabu simu huita usiku wa manane, mchimbaji wa Nyarugusu akiwa amejilaza hoi, na sauti asiyoifahamu ikamtukana, au ujumbe ukamhadaa: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Usijibizane na mpigaji au mtumaji huyo, wala usimtajie namba yako ya siri, kata simu, uhifadhi ushahidi pamoja na tarehe yake, kisha namba ya laghai huyo uitume kwenda 15040, na akizidi kukuudhi kwa vitisho, nenda polisi ukashitaki, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeyaharimisha maudhi hayo. Tena, bonyeza nyota 106 reli, ujue laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukabebeshwa dhambi ya mwingine.