Tazameni Mikono ya Wazee Wenu

Nazungumza nanyi, wauguzi mnaohitimu leo hapa Gisenyi.

Kila asubuhi kina mama wanapita mpaka wa Petite Barrière kwa miguu kwenda Goma, karoti na nyanya kichwani. Baadhi yenu mmesomeshwa kwa mizigo hiyo. Sasa walioibeba wanazeeka, ndiyo maana leo nazungumzia ugonjwa wa Parkinson.

Ndani ya shina la ubongo kuna seli chache nyeusi zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kutembea na kushika. Hizo ndizo zinazokufa katika ugonjwa huu. Kazi hiyo ya kutengeneza dopamini ni ya hatari. Dopamini ikikutana na oksijeni huzaa kemikali kali. Madini ya chuma, yaliyo mengi mahali hapo, huzidisha ukali. Mitokondria zinazoipa seli nguvu nazo huvujisha nyingine. Kemikali hizo huila DNA kama kutu inavyokula bati. Seli ina vimeng'enya vya kuikarabati, na Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kufafanua ukarabati huo. Watafiti waliopima ubongo wa wagonjwa waliofariki wameyakuta majeraha hayo ya DNA, hata katika DNA ya mitokondria. Kama ndiyo chanzo cha ugonjwa au ni matokeo yake, wataalamu bado wanabishana.

Lisilobishaniwa ni hili: mkono unapoanza kutetemeka, seli nyingi zimeshakufa. Nasi tunachelewa zaidi ya hapo. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, nchini Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 160,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa ya levodopa ipo. Haizuii seli kufa, lakini humrudishia mtu mwendo wake, akajifunga kitenge mwenyewe, akashika kikombe mwenyewe.

Basi mama akija kituoni kwenu hatua zimekuwa fupi, mkono mmoja hauchezi anapotembea, uso umekakamaa, msimwambie ni uzee. Akisema amerogwa, msikilizeni kwa heshima, kisha mwandikieni rufaa kwa daktari siku hiyohiyo.